Mita 10 au Mita 187: Jinsi Picha ya Simba wa Serengeti Ilivyopigwa

Mwaka 2014, tuzo kuu ya shindano la Wildlife Photographer of the Year, la Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ilikwenda kwa picha iliyopigwa hapa nchini Tanzania. Aliyeipiga ni Mmarekani Michael Nichols, wakati huo mpigapicha wa jarida la National Geographic. Simba majike watano wa kundi la Vumbi wamelala na watoto wao juu ya mwamba katika vilima vya mawe vya Barafu, Serengeti. Nyuma yao nyika inakwenda mpaka inapokutana na mbingu, na juu yake mawingu ya jioni yamejaa. Picha haina rangi, ni nyeusi na nyeupe.

Wapigapicha wengi wa huku Songwe wakiiona hukisia lenzi ndefu: milimita 400, 600, zile zinazobebwa kwa mikono miwili na kuuzwa bei ya gari. Takwimu za picha yenyewe zinasema vingine. Nichols alitumia Canon EOS 5D Mark III na lenzi ya 24-70 f/2.8, akaiweka kwenye milimita 32. Spidi ilikuwa 1/250, apacha f/8, ISO 200. Hivyo ni vifaa vya bei kubwa, lakini lenzi ya namna hiyo wapigapicha wa harusi wa Tunduma wanaijua vizuri. Hata namba alizotumia ni zile ambazo mtu angeweka kupiga picha ya familia mbele ya nyumba.

Hoja yangu ni kwamba ubora wa picha hii umetokana na umbali. Kila uamuzi wa kifundi uliofanyika pale, pamoja na fedha iliyotumika, ulilenga kupunguza hewa iliyopo kati ya kioo cha lenzi na mnyama. Nimeichambua picha hii hapa kwa sababu sisi tunaopiga picha Chitete na bonde zima la Momba, kwenye joto na vumbi, tunalihitaji somo hili kuliko wengi.

Tuanze na hiyo 32. Kwenye kamera ya fremu kamili, sensa ina upana wa milimita 36. Upana wa eneo linaloingia kwenye picha unapatikana kwa kuzidisha umbali kwa 36, kisha kugawa kwa urefu wa lenzi. Kwa milimita 32, ukisimama mita 10 unapata eneo la upana wa mita 11 hivi, ambalo linatosha kundi la simba waliojinyoosha. Ukitaka upana huohuo kwa lenzi ya milimita 600, itakubidi urudi nyuma hadi mita 187.

Simba watajaza fremu vilevile, ila picha itakuwa nyingine kabisa. Lenzi ya milimita 32 inatazama pembe ya takriban nyuzi 59 kwa upana na 41 kwa kimo. Ile ya 600 inatazama nyuzi tatu na nusu kwa upana, na kimo chake ni nyuzi mbili na kidogo. Kwa pembe nyembamba kiasi hicho mawingu hayaingii, na nyika iliyo nyuma inabaki kipande kidogo kilichobandikwa mgongoni mwa simba. Ukaribu ndio uliowafanya simba wawe wakubwa mbele na nchi iwe pana nyuma yao, kila kimoja kwa kiasi chake. Uhusiano huo wa ukubwa unaamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi kazi yake ni kukata kipande cha unachokiona ukiwa hapo.

Halafu kuna f/8. Mwenye lenzi ya f/2.8 hushawishika kuifungua yote, kwa kuwa ndiyo aliyoilipia. Nichols aliibana. Kwa milimita 32 na f/8, ukiweka fokasi kwenye mita 4 na robo hivi, kila kitu kuanzia mita 2 hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Hivyo ndivyo sharubu na wingu vinavyoweza kusomeka katika picha moja. Lenzi ya 600 ikifunguliwa f/4, kwa kitu kilicho mita 100, inakupa kina cha fokasi cha mita 7 tu. Kinafaa kwa ndege mmoja tawini, lakini hakifai kwa picha inayotaka kueleza mnyama na nchi yake kwa pamoja.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kifundi zaidi: picha ilipigwa kwa infraredi. Macho yetu huona mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Sensa ya kamera ina uwezo wa kuona mbele ya hapo, ila watengenezaji huweka filta juu yake ya kuzuia infraredi ili rangi zisiharibike. Kamera ambayo haijaguswa, ukiifunga filta ya infraredi mbele ya lenzi, hudai sekunde kadhaa hata juani. Nichols alipata 1/250 kwa ISO 200 jioni. Spidi hiyo inaonyesha kuwa bodi ilikuwa imefunguliwa na fundi, filta ya ndani ikatolewa na kuwekwa nyingine inayopitisha infraredi.

Kwa nini mtu achukue kamera mpya ya maelfu ya dola na kuifanyia upasuaji huo? Jibu lake liko hewani. Chembe ndogo sana zilizo hewani husambaza mwanga wa mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo hupanda kwa kipeo cha nne. Mwanga wa bluu wa nanomita 450 husambazwa takriban mara 10 zaidi ya infraredi ya nanomita 800. Utando mweupe unaofunika milima ya mbali ni mwanga huo uliosambazwa. Ukiuondoa, upeo wa macho unarudi, anga la bluu linakuwa jeusi, mawingu yanasimama meupe, na majani mabichi yanang'aa kwa kuwa yanarudisha infraredi nyingi. Nichols mwenyewe ameeleza kwamba infraredi hupenya vumbi na utando wa hewani.

Hapa mpigapicha wa Chitete ana la kuongeza kutokana na hali ya kwao. Kuanzia Julai hadi Oktoba, mashamba na misitu yetu inapochomwa, moshi hutanda bondeni siku nzima. Chembe za moshi huo ni ndogo kiasi kwamba infraredi hupita kwa urahisi. Nikisimama mahali pamoja na kamera mbili, ya kawaida na iliyobadilishwa, ya kwanza inanipa kilima cha mbali kikiwa kama doa la kijivu, na ya pili inanipa mikunjo ya kilima hichohicho na mstari wa miti juu yake. Vumbi la barabarani lililotimuliwa na lori ni jambo tofauti. Chembe zake ni kubwa, zinazuia mwanga wa kila aina, na infraredi haisaidii kitu.

Baada ya moshi na vumbi, kuna adui wa tatu ambaye hashindwi kwa filta yoyote, naye ni joto. Saa saba mchana ardhi ya huku inawaka. Hewa ya chini inapanda ikiwa na joto lisilolingana, na kila tabaka linapinda mwanga kwa namna yake. Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, funga lenzi ya 400 au 600 kwenye stendi imara, elekeza kwenye bati la nyumba iliyo mita 200 kutoka kwako, kisha kuza picha kwenye skrini ya kamera. Migongo ya bati inacheza. Msumari unakuwa na kingo mbili, kisha haupo, kisha unarudi. Piga fremu ishirini mfululizo na hakuna mbili zitakazofanana. Lenzi inayouzwa zaidi ya dola 12,000 inakupa mazigazi yaliyopigwa kwa uaminifu mkubwa. Ukitembea hadi mita 10 na lenzi ya 35, msumari unatulia kwa sababu hewa iliyobaki katikati ni kidogo. Hesabu ya mita 187 ina uzito huo kwetu. Huku, kila mita ya ziada inakula ukali wa kioo ulichokinunua.

Swali linalobaki ni namna ya kufika karibu. Nichols alilipa kwa muda. Alikuwa amelifuatilia kundi hilo kwa karibu miezi sita, mpaka majike wakazoea kuwapo kwake na kulala bila kumjali. Muda mfupi kabla ya picha walikuwa wametoka kumshambulia na kumfukuza dume mmoja kati ya madume wawili wa kundi. Mtu aliyefika asubuhi ile asingejua kwamba baada ya vurugu hizo wangelala pamoja. Miezi michache baadaye Nichols alipata habari kwamba kundi lilitoka nje ya hifadhi na majike watatu wakauawa. Picha ile ikabaki kumbukumbu ya kundi likiwa kamili.

Mwingereza Nick Brandt alifika karibu kwa njia ya ukali zaidi. Vitabu vyake vitatu, On This Earth (2005), A Shadow Falls (2009) na Across the Ravaged Land (2013), vimejaa tembo na simba wa Afrika Mashariki, wengi wakiwa wa Amboseli, Kenya. Kamera yake ilikuwa Pentax 67II ya filamu, yenye lenzi mbili zisizo na zumu, bila lenzi ndefu. Mkanda mmoja wa filamu ya 120 kwenye kamera hiyo hutoa fremu 10 tu. Msimamo wake ni kwamba mnyama anastahili kupigwa picha kama ya sura ya binadamu, yaani kwa karibu, pamoja na mazingira yake, na kwa kungoja. Mwaka 2010 alianzisha taasisi ya Big Life pamoja na mhifadhi Richard Bonham kuwalinda wanyama wa eneo hilo.

Njia ya tatu ilifanyiwa majaribio jirani na sisi. Mwaka 2009, Will Burrard-Lucas na ndugu yake Matthew walikuja Tanzania na kigari kidogo kinachoongozwa kwa rimoti, kilichobeba kamera na lenzi pana. Walikiita BeetleCam, wakakipeleka Ruaha na Katavi. Tembo na nyati walitoka wakubwa, wakitazamwa kutoka chini usawa wa majani, kwa pembe ambayo mtu aliye garini haipati. Simba mmoja aliivamia kamera na kuondoka nayo. Memori kadi ilisalimika na picha zikapatikana.

Mmoja alitoa miezi, mwingine alijinyima lenzi ndefu, wa tatu alihatarisha kamera. Kwa picha hizi, hakuna aliyetegemea milimita 600. Walichagua kununua ukaribu.

Lenzi ndefu ina haki yake, na sitaki kuidharau. Mamba wa Ziwa Rukwa hasogelewi. Ndege wa majini wakikuona mita 30 wameshaondoka. Mpira wa miguu unapigwa kutoka pembeni mwa uwanja. Kazi hizo zina mpaka ambao mguu haupaswi kuvuka, na hapo lenzi ndefu inastahili kila senti, mradi uitumie alfajiri kabla ardhi haijapata joto. Infraredi nayo ina mipaka. Hufanya ngozi nyeusi itoke nyeupe kama nta huku macho yakibaki meusi, na suti nyeusi ya bwana harusi inaweza kutoka kijivu. Kumpiga mtu picha hivyo bila ridhaa yake ni kumnyima sura yake. Zipo pia lenzi za gharama ambazo kwa infraredi huacha doa jeupe katikati ya picha, hasa ukibana apacha, na fokasi yake huangukia mahali tofauti kidogo na ile ya mwanga wa kawaida. Lenzi nyingi za zamani zilikuwa na alama nyekundu ya kuonyesha tofauti hiyo. Kamera za sasa zinazoweka fokasi kwa sensa yenyewe zimeliondoa tatizo hilo, lakini doa jeupe ni lazima ulipime lenzi kwa lenzi kabla hujalipa.

Sehemu kubwa ya kazi zetu Momba haina mamba wala simba. Tunapiga mavuno, masoko, mikutano ya kijiji, watu. Chukua ufuta: miganda imesimamishwa shambani ikauke, na mkulima anaigeuza na kuikung'uta juu ya turubai. Kwa lenzi ndefu kutoka barabarani utapata mtu na mganda, nyuma yao ukungu wa rangi. Kwa milimita 35, ukiwa hatua tatu kutoka kwake, baada ya salamu na ruhusa, mbegu zinazodondoka zinaonekana mojamoja, mikono inaonekana, na safu za miganda zinakwenda nyuma mpaka ukingo wa shamba. Bwana yule au mama yule ataacha kukutazama baada ya muda, kama majike wa Vumbi walivyoacha kumtazama Nichols, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha Dar es Salaam kuagiza lenzi, fanya hesabu ile ya mwanzo. Andika upana wa kitu unachokipiga mara nyingi, uzidishe kwa urefu wa lenzi unayoitamani, kisha ugawe kwa 36. Jibu ni umbali utakaolazimika kusimama. Likitoka kubwa kuliko umbali ambao watu wako wangekuruhusu kuwasogelea, lenzi hiyo inakurudisha nyuma bila sababu. Nunua fupi iliyo nzuri, na fedha inayobaki ilipie nauli, chakula na siku za kukaa nao.