Graundi Moja Ilitosha

Mliotazama lile somo la simulesheni ya kutengeneza volti 12 za DC kwa daraja la diodi mnajua kosa lilipoingia: ni pale mkufunzi alipobandika graundi ya pili. Kabla ya hapo kazi ilikuwa safi. Chanzo cha AC kilipewa kilele cha volti 17, hatua za muda zilikuwa ndogo vya kutosha, na kapasita haikunyimwa ukinzani wake wa ndani.

Turudi pale pale. Programu ya simulesheni iligoma, ikasema saketi haina njia ya kufika graundi. Ilisema kweli. SPICE, injini iliyo ndani ya programu za aina hiyo, hupima volteji ya kila nodi kutoka nodi 0. Nodi hiyo isipokuwepo, unaweza kuziongezea nodi zote volti 5 au volti 5,000 na milinganyo ikakubali vilevile, kwa hiyo matriksi haina jibu moja. Dawa ni alama moja, na mahali pake palijulikana: mguu hasi wa daraja, mzigo na kapasita vinaporudia. Mkufunzi akaiweka hapo, vizuri kabisa. Kisha, bila programu kumdai chochote zaidi, akaweka nyingine kwenye mguu wa chini wa chanzo, eti kila upande uwe na graundi yake.

Graundi mbili kwenye mchoro mmoja ni waya mmoja. Waya huo uliizunguka diodi moja ya daraja, ncha zake zote mbili zikawa nodi 0. Nusu ya kwanza ya wimbi ilikwenda sawa. Katika nusu ya pili, mguu wa juu wa chanzo ulipokuwa hasi, mkondo ulitoka graundi, ukapita diodi moja, ukarudi kwenye chanzo bila kuugusa mzigo. Hiyo ni shoti. Chanzo cha kwenye programu hakina ukinzani wowote, na modeli ya diodi ina sehemu ndogo tu ya ohmu. Ndiyo maana mlishuhudia mamia ya ampea kwenye grafu.

Grafu ile ilikuwa inamwambia asimame. Yeye akachomeka rezista ya ohmu 10 mbele ya chanzo, mkondo ukashuka, somo likaendelea. Rezista ile haikutibu chochote. Iliificha shoti, na kwenye ubao halisi ingeteketeza takriban wati 6 kwa ajili ya nusu hiyo mbovu peke yake. Tena ushahidi ulibaki kwenye skrini hadi mwisho: vilele vya volteji ya kapasita viliachana kwa milisekunde 20. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na daraja zima hutoa kilele kila milisekunde 10. Ukiona 20, nusu ya wimbi imepotea. Mkufunzi aliona volteji inayumba tu, akaongeza kapasita kutoka mikrofaradi 470 hadi 2,200.

Nimelisema hili mara nyingi na sitaacha: watu wamezoeshwa kunyamazisha ujumbe badala ya kuusoma. OrCAD Capture, programu ya kuchora saketi, ina alama kadhaa zenye sura ya graundi, ila PSpice, injini yake ya simulesheni, hutambua ile iitwayo 0 tu. Aliyeumizwa na hilo huanza kubandika graundi kila kona. Wengine hukimbilia chaguo la rshunt katika ngspice, linalounganisha kila nodi na graundi kwa rezista, na kosa lolote la nodi inayoelea bila njia ya graundi linafunikwa. Ilhali nodi iliyo kati ya kapasita mbili, au upande wa transfoma uliotengwa, unautibu pale pale kwa rezista ya gigaohmu 1, ukijua kwa nini umeiweka.

Wazee wa Chuo Kikuu cha Berkeley, ilikozaliwa SPICE, walifanya kazi kwa nidhamu nyingine. Laurence Nagel, mwanafunzi wa Donald Pederson, alipotoa SPICE mwaka 1973 na SPICE2 mwaka 1975, mtumiaji alitoboa kadi, mstari mmoja kwa kila kijenzi, na namba za nodi aliziandika mwenyewe. Kosa la somo lile lingesomeka D4 0 0, na hakuna mhandisi wa enzi ile ambaye angeupitisha mstari huo. LTspice bado hukuonyesha orodha hiyo ukiiomba. Kuisoma huchukua dakika moja.

Msiniambie ni simulesheni tu. Klipu za graundi za osiloskopu ya kawaida zimeungana ndani ya mashine. Mwanafunzi aliyejifunza kwa somo lile atabana moja kwenye mguu wa transfoma na nyingine kwenye mguu hasi wa daraja, na safari hii hakutakuwa na rezista ya ohmu 10 ya kuficha kitu: diodi itapasuka mezani. Somo lile liondolewe, lifundishwe upya kwa graundi moja.