Ile ya Chupa

Kwetu Enguserosambu hakuna aliyeiita kwa jina lake. Ilikuwa "ile ya chupa", basi. Niliiona mara ya kwanza Wasso, miaka ya tisini, kwenye chumba cha mabati ambacho siku nyingine kilikuwa ghala la mahindi: deki moja, TV ndogo, jenereta inakohoa nje, na kijana amesimama pembeni anatutafsiria kwa Kiswahili, na kurukia Kimaasai utamu ukizidi. Mafundi wa kazi hiyo kama Lufufu wa Dar tulikuja kuwasikia baadaye. Huyu wetu Kiingereza kilimpiga chenga. Alikuwa anatunga tu, na nadhani alitunga vizuri kuliko waandishi wenyewe.

Juzi nimeitazama tena, safari hii kwenye simu, bila mtafsiri. The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys, ya mwaka 1980. Kwa asiyeijua: rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola juu ya Kalahari, familia ya Wasani inaipokea kama zawadi kutoka kwa miungu, lakini chupa ni moja na kila mtu anaitaka. Ugomvi unaingia. Xi (N!xau) anafunga safari akaitupe mwisho wa dunia. Upande mwingine kuna Andrew Steyn, mtafiti wa mavi ya tembo, ambaye akimkaribia mwalimu Kate Thompson kila kitu kinamdondoka.

Bado inachekesha. Uys alizipeleka mbio picha zake kama sinema za kale zisizo na sauti, na Land Rover ile mbovu, ambayo kwenye filamu inaitwa Mpinga Kristo, ndiyo mwigizaji bora baada ya N!xau. Haina breki, kwa hiyo kulifungua geti tu ni vita kati ya mtu na gari. Mtu wa Loliondo haelezwi kichekesho hicho. Jiwe chini ya gurudumu tumelikimbilia sana, konda anapiga kelele na gari limeshaanza kurudi nyuma.

Halafu ikaja ile sehemu ya mbuzi. Xi ana njaa, anakuta kundi la mbuzi, anamlenga mmoja kwa mshale. Hajui kwamba mbuzi ana mwenyewe. Anakamatwa, anafungwa, na filamu inatutaka tumwonee huruma mtu safi asiyejua mali. Chumba kizima pale Wasso kilinyamaza. Sisi tulikuwa upande wa mtoto mchungaji! Yule aliyechunga tangu alfajiri, atakayeulizwa jioni mbuzi yuko wapi. Mtafsiri wetu akaona hali imeharibika, akambadilishia Xi maneno: "Nitamlipa, jamani, nina chupa hapa!" Watu wakacheka, mambo yakaendelea.

Nilipoiangalia juzi ndipo nikaelewa kwa nini uongo ule ulihitajika. Sauti ya msimulizi, ya upole kama ya filamu za wanyama, inasema watu hawa hawajui kumiliki. Ni sifa tamu, na ndiyo inayonikera. Asiyemiliki kitu hana cha kunyang'anywa. Hiyo ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi, na wakati huohuo jeshi lake lilikuwa likiwaandikisha Wasani kule Namibia kuwa askari. Mwaka huohuo wa 1980 ilitoka filamu ya John Marshall kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, ndani yake unaiona timu ya Uys ikipiga picha, na unaona watu waliokwama kwenye makazi ya serikali huko Tsumkwe wakigombania chakula na hela. Hapo hakuna haja ya chupa kuanguka.

Sisi huku tuna majirani wanaosifiwa hivyohivyo. Wahadzabe wa Eyasi wanapelekewa watalii kutoka Karatu waje kuona "binadamu wa kale", na sisi wenye mashuka mekundu tumo kwenye kalenda hizohizo. Lakini mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hatimiliki ya kimila ya ardhi yao. Msimulizi wa Uys angelisemea nini hilo?

Pamoja na hayo, siwezi kuichukia, na sababu ni N!xau. Malipo yake ya kwanza, inasemekana, yalikuwa kiduchu, wakati filamu ilivuna mamilioni. Alifariki mwaka 2003 huko kwao Namibia. Mtazame anapozungumza na gari, au anapowashangaa hawa wazungu wenye nywele kama nyasi zilizokauka. Ana uso wa mzee anayesikiliza upuuzi kwa heshima. Mwongozaji alitaka mtu asiyejua, akapata mtu anayejua kabisa mchezo ni upi. Haraka na kelele ni za wengine. Yeye peke yake ndiye anayetulia.

Mwishoni Xi anafika kwenye genge, mawingu yametanda chini yake, anairusha chupa. Mtafsiri akasema amefika ukingo wa kreta, asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Tulikubali, ndivyo panavyoonekana. Mzee mmoja aliyekaa kwenye gunia mbele akageuka, amekasirika kweli, akauliza: "Sasa huko chini imemwangukia nani?"