Fundi wa Meko ya Kale

Katika miji ya Uingereza zimesimama hata leo safu ndefu za nyumba zilizojengwa zama za Malkia Victoria, na katika vyumba vyake mna meko yaliyochongwa ukutani, kila moja na dohani yake ipandayo ndani ya matofali mpaka juu ya paa. Meko hayo yaliumbwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Lakini moshi wa makaa ulipoufunika mji wa London mwezi Desemba 1952 na kuua maelfu ya watu, Bunge likatunga Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956, na makaa yakaanza kuondoka majumbani. Mrithi wake mmoja alikuwa gesi. Ndipo ikapata heshima kazi ninayotaka kuisifu, nayo ni ya fundi atiaye jiko la gesi katika meko ya kale pasipo kumdhuru mtu.

Mwenye nyumba aghalabu hudhani kwamba dohani iliyodumu zaidi ya miaka 100 imekwisha jithibitisha. Fundi hodari haupokei ushahidi wa umri. Anajua kwamba tindikali ya masizi imekuwa ikila chokaa kizazi baada ya kizazi. Kwamba kuta nyembamba zitenganishazo dohani moja na jirani yake, kule gizani asikofika mtu, huenda zimebomoka. Na kwamba kunguru wa kule hupenda kujaza vijiti katika dohani iliyopoa. Anajua pia tabia ya adui yake. Gesi itokayo bombani hutiwa harufu kwa makusudi ili pua iitambue, bali kaboni monoksidi, izaliwayo na moto usiopata hewa ya kutosha, haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Huingia damuni na kukalia nafasi ya oksijeni, na aliyelala asiamke.

Kwa hiyo, baada ya dohani kufagiwa, fundi huipasha moto kidogo, kisha huwasha kidonge cha moshi mekoni na kutoka nje kutazama. Moshi sharti utokee katika mdomo mmoja tu juu ya paa, ule uliokusudiwa. Wala haridhiki na hilo: hupanda vyumba vya juu, huingia darini na kurunzi, na dohani ikiwa imepakana na ya jirani, hubisha hodi kwa adabu na kuomba ruhusa ya kutazama chumba cha kulala cha watu asiowajua. Mimi naiona hodi hiyo kuwa ndiyo taji ya kazi yote, kwa maana jirani hana habari kwamba jiko linatiwa, ilhali uhai wake umo katika mizani ileile.

Dohani ikiwa imechoka, huteremshwa ndani yake, tangu juu ya paa, mrija wa chuma kisichoshika kutu, upindikao kwa kufuata mapindo ya matofali. Kipenyo chake aghalabu ni milimita 125. Hata bomba dogo la shaba liletalo gesi hupewa ala linapopenya ukuta, na hukingwa lisiguswe na masizi, kwani masizi hula shaba.

Jiko nalo lina siri yake. Watu wamezoea kusikia kwamba mwali wa samawati ni salama na wa manjano ni hatari, na katika jiko la kupikia usemi huo ni wa haki. Lakini jiko la mapambo, lenye magogo ya udongo uliochomwa, limebuniwa litoe mwali wa manjano ufananao na moto wa kuni. Usalama wake umo katika mpango wa magogo yenyewe. Gogo moja likisogezwa kwa kutaka uzuri, ulimi wa moto hugonga mahali usipopasa kugonga, masizi hutanda, na sumu huanza kuzaliwa. Fundi huyapanga moja moja, huku mchoro wa mtengenezaji uko magotini pake.

Hatimaye hufunga milango na madirisha, huwasha mapangaboi yote ya kutolea hewa, hata ya jikoni, na kuuacha moto uwake kwa nguvu zake zote. Kisha huweka uzi wa moshi kwenye ukingo wa jiko. Ukivutwa ndani, kazi imesihi. Ukirudi chumbani hata kidogo, naye akakosa kuiondoa sababu, huzima, hukata gesi na kutundika onyo, wala hashawishiki, japo nje theluji inaanguka na mwenye nyumba anamsihi. Mwenye nyumba aliyekataliwa hivyo na amlipe ujira wake wa siku nzima, na kabla ya kumwita mwingine mwenye maneno matamu zaidi, apande darini na taa mkononi, akaitazame kwa macho yake ile sababu aliyoonyeshwa.