Karama Hakuua Mtu

Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, husomeshwa aghalabu kama kitabu cha utawala mbaya. Walimu wenzangu humaliza habari za wajumbe sita, wakauliza maswali mawili matatu juu ya kiburi cha Majivuno, wakafunga kitabu. Kwa msomaji wa Juba, naona, hiki ni kwanza kitabu cha mtu aliyekabiliwa na kifo mbele ya baraza. Kwa upande huo kina nguvu kubwa, na kina upungufu ambao yafaa tuutaje.

Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria katika nchi isiyoitaka. Mshtaki wake ni waziri. Mwandishi hamwokoi mshtakiwa kwa upanga wala kwa muujiza. Humpa nafasi ya kusema. Siku baada ya siku Karama anasimulia habari za Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, na masikio yaliyozibwa yanazibuka kidogo kidogo. Maneno ndiyo yanayoahirisha mauti. Thamani ya nafasi hiyo twaijua hapa. Mwaka 2017 mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 15 alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la kuua, naye hakuwa na wakili, ilhali Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 21, inakataza hukumu hiyo kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Mahakama ya Rufani iliitengua mwaka 2020, na mwaka 2022 kijana akaachiliwa. Kitanzi kingalitangulia, rufani hiyo ingalimfaa nani? Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuikataa adhabu hii, wala sihitaji nyingine.

Lakini Karama hakuua mtu. Hapo mwandishi amejichagulia kesi nyepesi, maana hakuna asiyechukia kuuawa kwa asiye na hatia. Ubishi wetu unamhusu yule aliyemwaga damu kweli. Darasani, ukiisha kumsifu Karama, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: na marehemu, nani atamsemea? Kusadikika hakina jibu, kwa kuwa ndani yake hamna mfiwa.

Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 ya Sudan Kusini imejaribu kujibu. Kifungu cha 206 kinaruhusu jamaa wa marehemu wachague dia badala ya kifo, na mahakama ikikubali, muuaji hufungwa kwa muda usiozidi miaka 10. (Neno dia wanafunzi wangu walilijua kwa Kiarabu cha Juba kabla hawajalikuta katika kamusi ya Kiswahili.) Ni busara ya kale: mfiwa anapewa kauli. Hata hivyo uhai wa mtu unapimwa kwa ng'ombe wa ukoo wake, na asiye na zizi atalipa kwa nini? Majirani wamepita njia nyingine. Rwanda iliifuta adhabu hii mwaka 2007. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ya Kenya mwaka 2017, ziliwaondolea mahakimu ulazima wa kuitoa kwa kila muuaji.

Mwisho wa Kusadikika nao una kasoro. Kitabu kinachodai sheria kinamalizikia katika hisani ya mfalme. Mwaka 2018 James Gatdet Dak, aliyekuwa msemaji wa Riek Machar, na William Endley wa Afrika Kusini walihukumiwa kunyongwa mjini Juba. Mwaka huohuo, baada ya mkataba wa amani, Rais Salva Kiir aliwasamehe. Wengi tulifurahi. Lakini ni mfungwa gani asiye na jina atakayefikiwa na hisani ya namna hiyo?

Nashauri Kusadikika kisomeshwe pamoja na Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hussein amemwacha hai mpaka baada ya kushindwa, ili kifo kimkute akiwa na uamuzi wa kufanya kuhusu neno lake. Ni ufundi wa hali ya juu, ingawa huko nako anayengojea kifo ni shujaa, si muuaji.

Kwa hiyo zoezi ninalopendekeza ni hili: wanafunzi waandike siku ya saba ya baraza. Mshtakiwa ameua, naye amekiri. Mama wa marehemu ameketi mstari wa mbele, na Karama ameombwa amtetee.