Sanduku la Studley na Tezo la Marehemu Baba

Mafundi seremala wa Marekani wanalo sanduku moja la zana wanalolitukuza kuliko mengine yote. Lilitengenezwa na Henry O. Studley, fundi wa piano wa jimbo la Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925. Ni kabati la kutundika ukutani, la mbao za mahogani. Likifungwa lina urefu wa karibu mita moja na upana wa nusu yake. Likifunguliwa, ndani mna zana karibu 300, zimepangwa tabaka nyuma ya tabaka, na vibao vyenye bawaba vinageuzwa ili fundi azifikie za nyuma. Jarida la Fine Woodworking lilichapa picha yake, na mwaka 2015 Donald C. Williams akaliandikia kitabu kizima.

Picha hiyo nimeitazama mara nyingi, na kwanza nitoe haki yake. Kila zana imechongewa kikalio chake, kwa umbo lake na si la nyingine. Ukitoa patasi moja, pengo linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Fundi afungaye kazi magharibi hahitaji kuhesabu. Jicho lake litamwambia kilichosahaulika. Hayo, kwangu mimi, ndiyo uzuri hasa wa kazi ile.

Lakini wasifuo sanduku hili huanzia kwingine. Huanzia kwenye abunusi, gamba la chaza na pembe za ndovu alizozitia kwa nakshi. Hapo mimi, mtu wa pwani, nasita. Biashara ya piano ilikula pembe kwa pupa. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo jirani la Connecticut, vilikata vibao vya piano kwa pembe ambazo nyingi zilipitia Zanzibar, zikiwa zimebebwa vichwani na mabegani mwa watu kutoka bara, kwa njia ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Simlaumu Studley peke yake. Alitumia mabaki ya kazi yake kama fundi yeyote. Nawalaumu wasifu wake, ambao wakifika kwenye pembe husema tu kwamba inang'aa.

Tena kuna ila ya pili, nayo ni ya picha kuliko ya sanduku. Daima limejaa, daima limefunguliwa wazi, wala hakuna mkono wa mtu. Ningependa kuonyeshwa vikalio vyenyewe vikiwa vitupu: kipi kimelika kingo kwa kutiwa na kutolewa zana kila siku, na kipi bado kipya. Zana ya kurithi husomwa pale ilipolika. Ukiificha hiyo, umebakisha kabati la duka la sonara.

Sanduku la marehemu baba lisingepigwa picha na mtu. Alilipiga mwenyewe kwa mbao za makasha, bawaba zake vipande vya mpira wa gari, na kitasa hakina. Ndani mlikuwa na misumeno miwili, randa, patasi, timazi, keekee na uta wake, na tezo. Mpini wa tezo hilo, wa mpera, ulibadilishwa mara tatu kwa ninavyojua mimi, na chuma kimenolewa hata kimebaki nusu. Mwenye kupenda hoja atauliza kama bado ni tezo lile lile. Seremala hawezi kuuliza hivyo. Kila mpini mpya ulipimwa kwa ule wa zamani kabla haujatupwa, kwa hiyo mkono wa baba umo katika mpini ambao hakuushika kamwe.

Alipofariki, mirathi iligawanywa kisheria: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, baada ya thumuni ya mama. Sanduku lilipotiwa bei halikufikia hata thamani ya kitanda. Dada yangu akasema zana hazigawanyiki kama nazi, na sote tukasamehe mafungu yetu kwa kaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Alizitumia miaka zaidi ya thelathini.

Sasa mikono yake inatetemeka. Alikuja mfanyabiashara wa vitu vya kale akiitaka keekee ili aitundike kwenye baraza ya hoteli, akataja fedha za kutosha kununua drili mpya ya umeme. Kaka alimnywesha kahawa, akamsindikiza. Juma lililofuata akampa sanduku zima mwanafunzi wake wa kazi, kijana asiye ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa, na mwanangu akatoka mikono mitupu.

Studley naye alimpa rafiki sanduku lake, na hatimaye likaishia kwa mkusanyaji wa vitu vya thamani. Kwa kijana huyu sina hofu hiyo, maana nimemwona akilitumia tezo. Anakata kwa kujivutia, taratibu, ubao ukilia sauti ile ile. Juu ya tezo nimekubaliana na kaka. Juu ya randa bado tunabishana, na dada amekwisha kutuambia kwamba fungu lake alilisamehe kwa kaka, si kwa jirani.