Kupunguza na Kuongeza katika Milinganyo ya Kemia

Mwalimu wa Mwanza atakaye kueleza kwa Kiswahili namna ya kusawazisha mlinganyo katika mmumunyo wa alkali hana haja ya kutafuta mfano mbali. Ng'ambo ya ghuba, huko Geita, dhahabu hutolewa katika mawe yaliyosagwa kwa maji ya sianidi yaliyotiwa chokaa.

Mmenyuko wenyewe hugawika nusu mbili. Katika nusu ya kwanza, atomu moja ya dhahabu hushikana na ioni mbili za sianidi, ikatoa elektroni moja. Katika nusu ya pili, molekuli moja ya oksijeni na mbili za maji hupokea elektroni nne, zikawa hidroksidi nne. Basi nusu ya dhahabu huzidishwa kwa nne, na hesabu imekwisha. Mashaka yangu yamo katika vitenzi.

Twasema kwamba oksijeni "imepunguzwa". Wayeyushaji chuma wa kale wa Buhaya, magharibi ya Ziwa, wangalilikubali neno hilo, maana mawe yao yalinyang'anywa oksijeni na makaa, na uzito ukapungua kweli. Lakini katika tangi la Geita oksijeni haikupungukiwa na kitu, imepokea. Kwa nini basi tusiseme "imepokea elektroni"? Urefu wa maneno mawili si kosa.

Kitenzi cha pili chanitia hofu zaidi. Kanuni iliyozoeleka hutuagiza kusawazisha kana kwamba tumo katika asidi: "ongeza" ioni nne za hidrojeni upande wa oksijeni, kisha "ongeza" hidroksidi nne pande zote mbili. Hidrojeni na hidroksidi huwa maji manne; mawili hufutana na yale ya upande wa pili, yakabaki mawili. Jibu ni sahihi, wala siikosoi hesabu. Naikosoa amri. Hakuna asidi iliyoongezwa popote, na ole wao wangaliiongeza! Chokaa hutiwa ili pH isishuke chini ya 10. Ikishuka, sianidi hugeuka gesi iuayo. Na kijana aliyefundishwa amri hiyo darasani yamkini kesho ndiye atakayesimama kando ya tangi, ndoo mkononi.

Mimi ningesema "andika ioni nne za hidrojeni", na "ongeza" ningeliachia chokaa.