Heko, Afisa Mikopo

Tanzania ilitunga sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu. Lakini katika mji kama Korogwe, anayemfafanulia mwananchi hayo yote ni afisa mikopo. Mwalimu akileta karatasi ya mshahara, afisa hushika kalamu, hutoa makato, huhakikisha theluthi ya mshahara inabaki. Hulinganisha namba ya kiwanja na hati miliki, kisha huuliza: “Mwalimu, mama watoto anajua?” Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Heko hasa kwa yule anayethubutu kusema: “Maliza kwanza deni la zamani, ndipo urudi.”